Glasi Tano na Upepo wa Mzee Chhim

Usinibinulie mdomo kabla sijaanza. Sikiliza kwanza, kisha ukabinue kwako, kwenye kioo chako. Ndivyo mlivyo: mkiambiwa mtu mzima, mwenye wajukuu tisa, ana miaka kumi na minne hajakanyaga harusi kwa sababu ya upepo wa mwilini, mnacheka. Haya, cheka. Bibi Yorn, mke wa huyo Mzee Chhim, hakuwa anacheka. Mtaa wao uko mjini Battambang, nyuma ya soko la samaki, na kwenye kona kuna benchi lililofungwa waya mguu mmoja, mbele ya kibanda cha Shangazi Thavy, anayechuja kahawa kwa soksi ya kitambaa na kuitia maziwa ya kopo mpaka kijiko kisimame. Hapo kila asubuhi hukaa watatu. Wembe, kinyozi, aliyetundika kioo chake ukutani hatua mbili tu kutoka benchi ili anyoe bila kukatiza porojo. Redio, fundi pikipiki mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hazimiki. Na Bibi Yorn mwenyewe. Ilikuwa Jumatano. Jumamosi mjukuu wake Dany anaolewa, hema linapigwa mtaa wa pili, na babu wa bibi harusi yuko nyumbani amelala chali, amejishika shingo.

— Kasema haendi, Bibi Yorn akaanza hata kabla ya kukaa. Na Dany naye kaapa: babu asipomfunga uzi mwekundu mkononi, hatoki chumbani. Wakaidi wawili, na mpishi nimeshamwambia aje.

— Upepo tena? Redio akauliza.

— Upepo. Akiinuka kichwa kinazunguka, moyo unakwenda kama mashine ya kukoboa mpunga, halafu upepo unampanda shingoni. Analia kwamba mshipa utapasuka. Nimemkwangua mgongo mzima kwa sarafu, nimempaka dawa kichupa kizima. Ukatoka kidogo, ukarudi.

— Umekwangua kidogokidogo, shemeji. Haba na haba hujaza kibaba. Wewe ndiye umeujaza.

— Nenda zako! Nakwangua migongo ya watu tangu wewe unanyonya.

— Ila punguza mkono, Wembe akasema, huku akinoa. Mnamkumbuka yule mtafiti mzungu wa mwaka juzi? Aliiona ile mistari myekundu mgongoni kwa Mzee, akaandika kwamba mke anampiga.

Shangazi Thavy akacheka mpaka akamwaga maziwa.

— Wakaniletea mama wa ustawi wa jamii mpaka mlangoni! Bibi Yorn akasema. Kakunja uso, ana faili. Namtazama shingoni, mistari ileile, mibichi! Nikamwuliza, na wewe mwenzangu, anakupiga nani?

Wakacheka wote, naye akacheka, mpaka akaikumbuka Jumamosi.

— Tatizo si upepo, Wembe akasema. Wahenga walisema akili ni nywele. Nimemnyoa Mzee Chhim miaka ishirini, nywele zake za kisogoni zimesimama. Nywele zikisimama zinavuta sauti. Sasa harusini kuna spika kumi na mbili, zinaanza saa kumi na moja alfajiri. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na hapo panapasuka shingo.

— Mbona karaoke ya jirani haimtoi hata usingizini? Bibi Yorn akauliza.

— Karaoke haina ngoma.

— Ina Redio anaimba. Hiyo inapita ngoma.

— Wivu, Redio akasema. Hebu niwape jambo la kitaalamu. Ni hema. Hema la harusi lina nguzo za chuma, sawa? Chuma kinavuta umeme wa mawinguni, umeme unashuka ardhini, unamwingia mtu kwenye nyayo, unasukuma upepo wote wa mwilini kwenda juu. Ni kama pampu ya baiskeli.

— Mazishini anakwenda, Bibi Yorn akamjibu. Mwezi uliopita tu kakaa siku mbili kwa jirani. Hema lilelile la kukodi, nguzo zilezile.

Redio akanywa kahawa kupata muda.

— Mazishini kuna maiti, akasema. Umeme unamfuata mtu asiyejitetea. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Ukuta umeingiaje hapo?

— Ndiyo fumbo lenyewe.

— Mimi nadhani ni meno ya dhahabu, Shangazi Thavy akasema kutoka kwenye jiko. Harusini wote wanacheka, meno yanamulika. Mwanga wa meno mia tatu unamwingia machoni kwa mara moja.

Wembe aliliwazia hilo kwa heshima kabisa.

Bibi Yorn alikuwa hawasikii tena. Alikuwa anahesabu kwa vidole kazi za Jumamosi: mtawa wa kuomba dua, ndizi, nguruwe wa kuchoma, na sinia la marehemu. Maana kabla ya wageni kula, marehemu wa nyumba huitwa kwa majina, mmoja mmoja, waje wale kwanza. Orodha ya majina anaishika yeye tangu mama mkwe alipofariki.

Hapo ndipo pikipiki ndogo ilipotua, na akashuka Daktari Sopheary, binti wa chuo kikuu cha mji mkuu, anayetafiti hofu: ile inayobaki mwilini wakati vita vimekwisha zamani. Wiki iliyopita alipita nyumba kwa nyumba na karatasi zake. Akaunganisha viganja kuwaamkia, akaketi kwenye ncha ya benchi upande wa waya.

— Babu zangu, bibi zangu, mmeniharibia kazi.

— Sisi?

— Niliwaonyesha picha ya glasi tano za maji. Ya kwanza tupu, ya mwisho imejaa pomoni. Nikasema, jambo lisilokusumbua onyesha tupu, linalokusumbua sana onyesha iliyojaa. Maswali arobaini. Babu Wembe, umejaza yote arobaini. Hofu, imejaa. Kukosa usingizi, imejaa. Na wakati nauliza ulikuwa unakoroma.

— Mwanangu, Wembe akasema kwa uchungu wa kweli, mgeni amekuja kwangu juani, nimwonyeshe glasi tupu? Mimi nimelelewa.

— Mgeni njoo mwenyeji apone! Redio akaunga mkono.

— Wewe, Babu Redio, umejaza mpaka swali la wajawazito.

— Niliona binti mpole, nikasema nisikunyime kitu.

Bibi Yorn akainama kuficha mdomo. Hata yeye alikuwa amejaza.

— Nyumba sitini, Daktari akasema, naye sasa anacheka. Kwa karatasi hizi mtaa huu ungekuwa umekufa kwa hofu tangu mwaka jana. Zimejaa zote. Isipokuwa mtu mmoja. Yeye kila swali kanionyesha glasi tupu. Yote arobaini.

— Chhim, Bibi Yorn akasema. Limemtoka tu.

— Ndiye. Na swali la ndoto alilijibu kabla sijamaliza kuliuliza.

Daktari akaziweka karatasi kwenye mkoba, akafunga zipu, akapokea kahawa aliyopewa bila kuagiza.

— Karatasi nimeacha. Nauliza tu kama jirani. Mzee Chhim akilala, anaota nini?

Redio akafungua mdomo. Akaufunga. Miaka yote ile, hapo ndipo ilipoonekana kwamba anazimika.

— Mimi ni nywele tu, Wembe akasema polepole. Ndani siingii.

Wote wakamgeukia Bibi Yorn.

— Mnanitazama nini? akafoka. Kisha akashusha sauti. Nalala ubavuni kwake miaka thelathini na minane. Anashtuka, analoa jasho, nami mkono uko chini ya mto nachukua sarafu. Kabla hajafungua mdomo nimeshamgeuza mgongo.

Kahawa ikadondoka kwenye soksi, tone, tone. Bibi Yorn akasimama, glasi yake ikiwa nusu, jambo ambalo Shangazi Thavy hakuwahi kuliona.

Nyumbani alimkuta mumewe ameketi ukingoni mwa kitanda. Alipomsikia, akavua shati bila kuambiwa na kumpa mgongo, kama mtoto aliyezoea sindano. Bibi Yorn akakaa nyuma yake. Sarafu hakuichukua.

— Unaota nini?

— Nani kakutuma?

— Nimejituma.

Akajibu bila kugeuka, mgongo umeelekea mkewe. Pengine ndivyo ilivyokuwa rahisi.

— Narith, akasema.

Narith alikuwa mdogo wake. Alichukuliwa kwenda kuchimba mifereji enzi za vita, wale wa nguo nyeusi walipoitawala nchi, akiwa na miaka kumi na miwili, hakurudi. Mama yao aliapa kwamba amevuka mpaka, yu hai huko Thailand, na akakataza jina lake lisiitwe kwenye sinia la marehemu. Mama alikufa miaka kumi na minne iliyopita. Katazo halikufa.

— Anasema nini?

— Hasemi. Yuko nje ya hema, ana bakuli. Majina yanaitwa, wanaingia mmoja mmoja. Baba ameingia, mama naye akaitwa akaingia. Yeye anangoja. Hakuna anayemwita. Ananitazama ninavyokula.

— Na harusini?

— Harusini nikisikia majina yameanza, najua yuko nje. Upepo unapanda.

Bibi Yorn hakulia. Alikuwa na vitunguu vya kukata, angelia huko.

— Miaka kumi na minne umeniacha nikukune kama nazi! Ungesema!

— Uliniuliza lini?

Hilo akalimeza, chungu lilivyo. Akaenda kwenye kabati, akaitoa orodha, akatafuta kalamu asiione, akachukua ya nyusi ya Dany aliyoisahau juu ya meza. Akaandika: Narith. Herufi zilimtoka kubwa kuliko za wenzake wote. Kisha akaiinulia macho picha ya mama mkwe ukutani.

— Na wewe usinikodolee. Kama yuko Thailand, ashibe. Chakula hakimdhuru aliye hai.

Nyuma yake Mzee Chhim alicheka, kicheko kifupi, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

Jumamosi alfajiri spika kumi na mbili zilinguruma, na benchi lilikuwa limejaa kabla hata kahawa haijachemka. Redio kavaa shati la hariri, Wembe kajipaka mafuta, Daktari Sopheary kaalikwa na yupo, bakuli la tambi za mchuzi wa samaki mkononi.

— Hatoki, Wembe akasema. Nywele zile nazijua.

— Atatoka. Nimepima hewa, umeme leo haupo, Redio akasema.

Mlango ukafunguka. Mzee Chhim alisimama kizingitini, shati jeupe limenyooshwa, ananuka dawa ya kuchua tangu hapo mpaka kibandani. Mkononi ana uzi mwekundu.

— Upepo vipi, mzee? Redio akapaza sauti kuzishinda spika.

— Upo. Tunakwenda nao.

— Glasi ya ngapi, babu? Daktari akauliza, bila karatasi.

Mzee akafikiri sana. Akainua vidole vitatu.

— Tatu tu! Wembe akashtuka. Unampunja mgeni!

— Lakini mzee, Redio akasema, shingo mbele, hebu tuambie, kwani ulikuwa unaota nini?

— Kunywa kahawa yako, Bibi Yorn akamjibu kutoka ndani. Akatoka nyuma ya mumewe, orodha kifuani, bakuli la wali wa moto limefunikwa jani la mgomba, akaufunga mlango.