Usiseme Ugonjwa Mfupi

Wasikilizaji wapendwa, kitu cha kwanza nilichokiona pale msibani ni nzi. Nzi mmoja, mnene, wa kijani. Alitua kwenye sahani ya mzee aliyekaa mbele yangu. Mzee akampunga kwa vidole, taratibu, kama anayemkaribisha mgeni apite ndani. Nzi akaruka, akazunguka, akatua kwenye sahani ya jirani. Hakuna aliyeacha kula. Mimi nilisukuma sahani yangu pembeni nikasema nimeshiba.

Marehemu angekuwepo, angesimama palepale na kuuliza, "Huyo nzi katoka wapi? Mmemuuliza?"

Leo tunamkumbuka yeye. Binti fundi cherehani wa barazani pale sokoni. Kijana wa kujitolea katika kikundi cha afya na usafi cha kijiji chetu. Watu walimwita Kinyaa, naye aliitika.

Jina hilo alilipata utotoni. Mama yake ananisimulia hivi: "Huyu mtoto alikuwa hali mpaka anuse sahani. Ukimpa kikombe anakigeuza chini juu, anakichungulia kama fundi saa. Bibi yake akasema, jamani, hapa tumezaa mkaguzi. Akamwita Kinyaa, jina likaganda."

Wasikilizaji wapendwa, kikundi kile kilianzishwa na nesi wa zahanati. Nesi alitaka vijana wa kuchimba vyoo na kuwafundisha watu kunawa mikono. Walikuja vijana wa kila aina. Dereva mmoja wa pikipiki amekiri kwangu bila haya, "Dada, mimi nilimfuata Kinyaa tu. Nikajikuta nimeshika sururu."

Siku ya kwanza nesi hakuwapa sururu. Aliwapitisha nyuma ya nyumba zetu. Nyuma ya kila nyumba kulikuwa na kinjia, na kila kinjia kiliishia kichakani. Huko, wapendwa, kulikuwa kumejaa. Mengine makavu, mengine ya asubuhi hiyohiyo. Mabunzi ya mahindi yaliyotumika kujipangusa yametupwa huku na huku. Kuku wanadonoa, wakishiba wanarudi jikoni kwa miguu ileile. Kinyaa alishika mti akatapika.

Vijana wakacheka. Nesi hakucheka. Alimwambia, "Tapika, mdogo wangu. Ukimaliza tuendelee. Mwenye kinyaa ndiye ninayemtaka."

Basi wakaanza kazi. Walichimba mashimo, wakamwaga sakafu za saruji, wakasimamisha kuta. Walitundika madumu madogo yenye tundu, unakanyaga kijiti, maji yanachirizika, unanawa. Cherehani ya Kinyaa ilikuwa inalala mchana kutwa na wateja wananuna. Mimi mwenyewe gauni langu lilikaa kwake mpaka nikalisahau.

Lakini watu hawakubadilika haraka. Ndipo Kinyaa akaja na koleo kwenye mkutano wa kijiji.

Koleo lilikuwa limefunikwa kwa jani la mgomba. Akaliweka chini. Kando yake akaweka sahani ya wali. Akalifunua koleo, akasubiri. Nzi wakaja. Walitua kwenye koleo. Wakahamia kwenye wali. Wakarudi kwenye koleo. Watu wakaanza kutema mate.

Kinyaa akainua sahani. "Nani hajala leo? Karibuni."

Baba yake mdogo, mtu mzito pale kijijini, akasimama. "Binti, funika hayo!"

"Hayo nini, baba mdogo?"

"Hayo… hayo mambo!"

"Yana jina, baba mdogo. Tukiyaonea haya jina, tutaendelea kuyala."

Akalitamka. Lile neno fupi, wasikilizaji wapendwa, ambalo mtoto anayeanza kuongea analijua. Sisi watu wazima tunasema haja kubwa, tunasema uchafu, tunasema kujisaidia. Yeye alilitamka lenyewe, mbele ya wazee, mchana kweupe.

Pakachimbika! Akina mama wakajifunika nyuso. Mmoja akapiga kelele, "Huyu hana adabu, nani atamwoa?" Dereva wa pikipiki akanyoosha mkono, watu wakazidi kukasirika. Baba mdogo akamnyooshea kidole. "Umetuvua nguo ukoo mzima," alisema. "Nyumbani kwangu usikanyage." Wakamzomea mpaka akaondoka na koleo lake.

Hata hivyo nyumba nyingi zilikubali vyoo baada ya siku ile. Hata baba mdogo alikubali, ingawa hakuzungumza na Kinyaa. Vijana walimjengea choo kizuri kuliko vyote. Sakafu laini, mlango wa mbao, bati jipya.

Vijana walipopita tena kukagua, walikuta kufuli mlangoni. Dereva wa pikipiki ndiye aliyeuliza. Baba mdogo akafungua. Ndani kulikuwa na magunia ya mahindi na baiskeli.

"Mzee, choo kimekuwa ghala?"

"Mwanangu, hebu tazama. Saruji! Bati! Nyumba ninayolala ni ya udongo. Choo kizuri hivi, nikakichafue?"

Dereva alicheka mpaka akakaa chini. Kinyaa, aliyebaki nje ya ua, hakucheka. Aliuliza kwa sauti, "Kwa hiyo nyumba hii wanaenda wapi?"

 Baba mdogo alinyoosha kidevu tu kuelekea kilimani. Kilimani, wapendwa. Juu ya chemchemi. Chemchemi ileile anayochota yeye, na nusu ya kijiji.

Mvua zikaja. Mvua huosha kilima. Nadhani mnanielewa.

Mama yake Kinyaa hakupenda ugomvi ule wa mtoto na baba yake mdogo. Akamshawishi waende wakayamalize. Wakaenda wote wawili. Kinyaa alipiga goti, akaomba radhi. Akaomba radhi kwa lugha aliyoitumia. Lile aliloonyesha hakuliombea radhi. Baba mdogo alifurahi, akaagiza maji. Yakaletwa kwenye kikombe cha kioo, kile cha kabatini.

Mama anaendelea: "Mwanangu alikishika kikombe, akakitazama. Akauliza polepole, baba mdogo, yamechemshwa? Shemeji akacheka, akasema, hata maji yangu unayaonea kinyaa?  Mwanangu akanitazama mimi. Kisha akanywa. Akanywa yote, akarudisha kikombe kwa mikono miwili."

Mtu aliyenusa kila sahani tangu utotoni. Siku hiyo moja alikunywa bila kunusa, ili mzee asiaibike.

Wiki ileile zahanati ilijaa. Nesi anasema wote walikuwa wachotaji wa chemchemi ile. Kinyaa alifika amefungwa kwa shuka mgongoni mwa dereva wa pikipiki. Mwili ulikuwa unakwisha kama nguo inayokamuliwa. Nesi alimtundikia dripu, kisha nyingine. Binti yule, aliyekuwa hawezi kuvumilia hata doa kwenye pindo la gauni, alilala katika yale yaliyomtoka mwenyewe. Maneno yake ya mwisho nesi hawezi kuyarudia bila kulia. "Nisamehe, dada. Nimekuchafulia shuka."

Tukamzika. Baba mdogo ndiye aliyesoma wasifu. Alisema marehemu alikuwa binti mwenye heshima. Alisema ametutoka baada ya kuugua ugonjwa mfupi. Watu wakaitikia kwa vichwa: ugonjwa mfupi, ndiyo, ugonjwa mfupi. Baada ya hapo nilitafuta choo pale msibani, nyumbani kwa baba mdogo. Nilikipata. Kilikuwa na kufuli, na waombolezaji walikuwa wanapanda kilimani mmoja mmoja.

Juzi mama yake alikuja hapa studio. Hakutaka kukaa. Aliniambia, "Mwanangu, usiseme ugonjwa mfupi. Shemeji yangu analia kila siku, wala simchukii. Lakini sema kilichomuua mtoto wangu, na ukitaje kwa jina lake. Yeye alilitaja, wakamzomea."

Nikamwambia, "Mama, neno lile redioni haliruhusiwi."

Akanikazia macho. "Kuyanywa wanaruhusiwa, kuyasikia ndiyo hawaruhusiwi?"



Wasikilizaji wapendwa, kwa mama wa marehemu, kwa baba mdogo, kwa nesi na kwa vijana wote wa kujitolea wanaochimba hata leo, poleni sana. Poleni kutoka moyoni. Kwenu mlio majumbani, nina ombi. Ondokeni hapo mlipo, mzunguke nyuma ya nyumba. Fuateni kinjia chenu mpaka mwisho. Simameni, mtazame kilichopo. Kisha tazameni maji yanatelemkia wapi, na nani anayachota huko chini.

Mkuu wangu wa kituo ananitazama kupitia kioo. Anatikisa kichwa kwamba hapana. Mimi ni mtu wa aibu, wapendwa, na tangu nizaliwe sijawahi kulitamka neno hili mbele ya mtu mzima. Kinyaa hakufa kwa ugonjwa mfupi. Kinyaa alikunywa mavi. Yalikuwa mavi yetu, na tulimpa kwenye kikombe kizuri.