Bochaberi Aliyempeleka Tausi Kituoni

Ilianza na harufu, wasikilizaji wapendwa. Jumapili moja ya kiangazi, mwaka wa tisini na nne, Nyatichi alipokea ndoo ya maziwa kutoka kwa mama mkwe wake. Maziwa yalikuwa mazuri kwa macho. Lakini yalinuka kama ndizi zilizoiva mpaka zikaanza kuchacha. Nyatichi alikuwa ameolewa juzi tu, shule aliishia darasa la sita, na kusema mbele ya watu kulimtoa jasho. Akaifunika ndoo, akanyamaza.

Mama mkwe huyo ni Bochaberi, ndiye tunayemkumbuka leo. Bochaberi, mfugaji wa hapa Migori, aliyetutoka wiki jana. Alikuja kutoka Kisii akiwa msichana, akauza ndizi sokoni mpaka akampata ng'ombe mmoja wa gredi, wale wa maziwa mengi. Akamwita Tausi. Mwanawe, Okemwa, mume wa Nyatichi, anasema, "Tausi ndiye alitusomesha. Asubuhi mama alimsalimu yeye kwanza, sisi baadaye."

Mwaka huo Tausi alikuwa amezaa karibuni. Maziwa yalitoka mengi, lakini chakula kilimshinda. Unga wa ng'ombe aliuacha kwenye beseni, akalamba ukuta.

Jumapili hiyo hiyo, kituo cha maziwa kiliyakataa maziwa yake. Karani, Machuki, alitumbukiza kipimo, kile cha kioo kinachoelea. Kikazama zaidi ya kawaida. Maziwa yalikuwa mepesi. Na kwa Machuki, maziwa mepesi yalikuwa na maana moja tu: yametiwa maji.

"Mama Okemwa," akasema, "Jumamosi mnasali, Jumapili mnatuletea ya mto."

Foleni nzima ikacheka. Bochaberi alikuwa Msabato. Maziwa ya Jumamosi hakuyauza, aliwapa watoto wa majirani. Machuki akayamwaga yale ya Jumapili mtaroni, akalikata jina lake kwenye daftari la kituo. Na mtu akishaitwa mtia maji hapa Migori, nani atanunua kwake hata kikombe kimoja?

Jioni Nyatichi akajikaza. "Mama, maziwa yananuka."

"Yananuka nini?"

"Ndizi."

Bochaberi akanusa sufuria ya maziwa ya jioni, kisha akaenda kunusa pumzi ya Tausi. "Pua yangu imezeeka," akasema. "Huyu ni mgonjwa, na mimi nimeitwa mwizi."

Majirani wakamshauri amuuze Tausi kwa wachinjaji, kisha amwombe karani msamaha, mambo yaishe.

"Msamaha wa nini? Wa maji ambayo sikutia?"

Akatuma neno Homa Bay, kwa akina mama wanaoleta samaki, limfikie Barnabas, daktari wa mifugo. Barnabas akaja. Alipofungua mkoba wake, Bochaberi akamzuia.

"Hapa ukipima, nani ataona? Twende kituoni."

Wakamtoa Tausi. Bochaberi mbele na kamba. Nyatichi nyuma, macho chini. Sokoni watu wakauliza kama ng'ombe anapelekwa kuchinjwa.

"Anapelekwa mahakamani," Bochaberi akawajibu.

Mbele ya kituo akaigeuza ndoo juu chini, watu waone kwamba ni tupu. Akakunja mikono ya sweta. "Machuki, njoo karibu. Usije ukasema nina mto kwenye mkono." Akachuchumaa, akamkamua Tausi mbele ya foleni nzima.

Machuki akasema maziwa ya moto hayapimwi, mpaka yapoe. Wakangoja. Mwenyekiti wa kituo akamletea Bochaberi kiti.

"Asante, mzee. Nitakaa jina langu likirudi."

Maziwa yakapoa. Machuki akatumbukiza kipimo. Kikazama vile vile, wasikilizaji. Maziwa yaliyotoka kwenye titi mbele ya macho yao, na kipimo kinasema ni maji.

"Basi ng'ombe ndiye mwizi," Machuki akasema.

"Basi mfunge," akajibu Bochaberi. Safari hii foleni ilicheka upande wake.

Ndipo Barnabas akamimina poda nyeupe kwenye kifuniko, akadondosha maziwa juu yake. Poda ikageuka zambarau. Akaeleza taratibu. Ng'ombe aliyezaa akitoa maziwa mengi na kula kidogo, mwili wake huanza kuyala mafuta yake wenyewe. Uchafu wa kazi hiyo huingia kwenye maziwa, na ndio ile harufu, na ndio uliogeuza rangi ya poda. Maziwa yenyewe hubadilika, yakawa mepesi kwenye kipimo. Hayakutiwa maji. Yalikuwa yanasema kwamba ng'ombe anaumwa.

Tausi alidungwa sindano za glukosi, akanyweshwa molasi, akapona. Siku ile kituoni, Machuki hakusema pole. Aliandika tu jina upya. Lakini Bochaberi hakuondoka, wala hakukaa.

"Kuanzia leo," akasema, "hakuna maziwa ya mtu kumwagwa mtaroni kabla ng'ombe wake hajaangaliwa. Mkikataa, kesho namrudisha Tausi hapa, na kesho kutwa pia."

Wakakubali. Desturi hiyo ipo kituoni mpaka leo. Mfugaji ambaye maziwa yake yamepungua uzito huulizwa kwanza, "Ng'ombe amezaa lini? Anakula?" Ni Bochaberi aliyeileta. Bochaberi wa Migori, mama yake Okemwa.

Kwa Okemwa, kwa Nyatichi na kwa wajukuu, tunawapa pole, nasi tuko pamoja nanyi katika msiba huu. Na sisi tunaobaki, kila mmoja ajiulize ni nani amemcheka kwenye foleni kabla ya kumsikiliza.

Tangu siku ile watu husimulia jinsi poda ilivyomsafisha Bochaberi. Hata matangani walisimulia hivyo, Nyatichi akiwapakulia chai, akisikiliza. Kuna neno ambalo hajawahi kulisema kwa sauti, hata kwa mama mwenyewe. Ametuomba tuliseme leo kwa niaba yake.

Hata poda ile ingebaki nyeupe, mama hakuwa mwizi.