Sidii ya Leodgar Ilikuwa Majarubani

Benchi la hapa kwangu Segese lina miguu mitatu na tofali moja, na wanaolikalia nawafahamu kuliko wake zao wanavyowafahamu. Mimi ndiye Mama Goodness, mwenye birika. Kushoto hukaa Injinia, jina lake Valerian, fundi kompyuta ambaye kibanda chake kinapakana na jiko langu. Katikati ni Karasha, yaani Enock, mwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, anayeongea kwa sauti ya juu hata msibani kwa sababu ile mashine imeshamla masikio. Kulia ni Diwani, ambaye ni Luka, na hajawahi kugombea hata ubalozi wa nyumba kumi. Jumamosi hiyo walikuwa wananiudhi tangu kikombe cha kwanza, ila niliwavumilia, maana sote tulikuwa tunamsubiri Besi.

Besi ni Mihayo, mkulima wa mpunga, mwimbaji wa sauti ya nne kwenye kwaya ya parokia. Mwalimu wao alikuwa marehemu Leodgar, aliyekufa kwa homa wakati bintiye Asteria hajajua hata kusimama. Sasa Asteria ni msichana wa sekondari, na likizo hii kamuuliza mama yake sauti ya baba ilikuwaje. Mama wa watu kaja mbio kwa Injinia, kwa sababu mazoezi ya kwaya yalirekodiwa kwenye kompyuta ya parokia. Kumbe wiki iliyotangulia radi ilikuwa imepiga, na kompyuta imeungua ikawa mkaa.

— Si ulituambia hiyo kompyuta haifi? Diwani akamuuliza Injinia.

— Nilisema haipati virusi. Ilikuwa ya Unix. Virusi na radi ni mambo mawili.

— Unix ndiyo kampuni gani hiyo?

— Ni mfumo. Unaiandikia maneno, haina vipicha vya kubonyezabonyeza. Ukiiambia kitu inafanya, haikuulizi mara mbili.

— Ningeioa, akasema Karasha. Nyumbani kwangu naulizwa mara tano.

— Na hukuweka akiba? nikamuuliza, maana wao wangeongea hadi jioni bila kufika popote.

— Niliweka, Mama Goodness. Nilichoma sidii. Faili lilikuwa kubwa, haliingii kwenye moja, nikaiambia ilikate vipande vitatu. Kimoja nikabaki nacho, kimoja nikampa katekista, cha kwanza nikampa Besi. Nilitaka nyumba moja ikiungua...

— Nyumba moja ikiungua tukose vyote, nikamkatiza.

Mimi sijui kompyuta, lakini nimeshagawa nyama ya shughuli. Injinia alimgawia kila mtu fungu lake, wakati alitakiwa kila nyumba aipe ng'ombe mzima.

— Vile viwili ninavyo, cha katekista nimeshakichukua, akasema taratibu. Bila cha kwanza havifunguki. Kompyuta isipopata mwanzo haijui inasoma nini.

Ndipo Besi akafika na baiskeli. Alitoa sidii kwenye kipande cha kitenge, kamba ya katani bado imo kwenye tundu. Hakukaa.

— Nisameheni. Kwelea walipoingia kwenye mpunga nilitundika kila kinachong'aa. Nyumbani sina hata redio ya kuchezea sidii. Niliiona ni sahani tu.

Hakuna aliyemgombeza. Majaruba yote ya huku yana sidii zinazoning'inia, jua likizipiga ndege wanatawanyika. Hata yangu imetundikwa, tena ya harusi ya dada yangu.

— Imekaa huko muda gani? Injinia akauliza.

— Msimu mzima. Na mwingine.

— Basi imekwisha, akasema Diwani. Jua linakula sauti. Redio ukiianika juani si inaanza kukoroma?

— Hailiwi, akabisha Karasha. Sauti ina uzito. Imezama chini ya sidii, kama dhahabu inavyozama kwenye karai. Tuizungushe na maji, tuweke zebaki kidogo, itashikana.

— Weka zebaki kwenye uji wako.

— Wewe huelewi uchenjuaji.

— Mimi naelewa ndege, akasema Diwani. Kwelea wamekaa na Leodgar misimu miwili. Wimbo wanao. Tukategeshe simu majarubani alfajiri, turekodi, Besi atatuambia ni upi.

— Na wakiwa wameruka kwenda Nkome?

— Tutaenda Nkome. Ndege aliyefundishwa na Leodgar utamjua tu, hakosei kuingia.

Besi alicheka, halafu nikaona anafuta macho kwa kile kitenge. Alimpenda mwalimu wake, huyu mtu, na alikuwa amemtundika kwa kamba.

— Shikamooni, ikasema sauti nyuma yetu.

Alikuwa Asteria, amesuka upya, viatu vimefutwa kama anakwenda kupokea mgeni.

— Marahaba, mayu, mama yangu, nikamjibu. Kaa hapa kwangu.

Injinia akaifuta sidii kwa maji ya sabuni, kutoka katikati kwenda ukingoni. Ukingo ulikuwa umekwaruzika na kupauka, lakini kuzunguka tundu sidii bado inang'aa.

— Sidii inasomwa kuanzia ndani kwenda nje, akamwambia Asteria. Upepo umeharibu nje. Labda mwanzo umepona. Siahidi kitu, mwanangu.

Akaiingiza kwenye kompyuta ya kibandani kwake. Mashine ikaguna, ikanyamaza, ikaguna tena. Akaandika maneno yake ya Unix, akasubiri, akaandika mengine. Karasha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanong'ona. Halafu ukaja mlio wa benchi za kanisa kuburutwa, na mwanaume akakohoa.

— Sauti ya nne, mbona mmekaa kama mko kwenye foleni ya hospitali? Mihayo, simama vizuri.

Besi akasimama wima pale pale barabarani, akavua kofia.

— Ndiye? akauliza Asteria.

— Ndiye, mayu. Ndiye kabisa, Besi akamjibu.

Kwenye kompyuta mtoto mchanga akaanza kulia, kilio kile cha hasira. Mwanamke akauliza, nimtoe nje, mwalimu?

— Hapana, ikasema sauti ya Leodgar. Nileteeni hapa. Nitaongoza nikiwa nimembeba.

Tukasikia hatua. Kilio kikasogea karibu kabisa, kikapungua, kikabaki pumzi tu, na Leodgar akiguna wimbo kwa chini, wa mtu mmoja, siyo wa kwaya.

— Haya. Sasa tunaweza kuanza. Moja, mbili...

Hapo ikakata. Injinia alijaribu kila namna, akatikisa kichwa. Wimbo wenyewe ulianzia kule ukingoni, upepo na jua vilikuwa vimeumaliza, na kwa mwanzo nusu vile vipande viwili navyo vilikataa kufunguka.

Asteria hakuonekana kuusikitikia. Alikuwa ameinamia kompyuta, ameikunja mikono mapajani.

— Huyo mtoto ni nani? akauliza.

Leodgar alizaa mara moja tu, na kila mtu pale alijua. Karasha akageukia barabara. Diwani, mwenye jibu la kila kitu, akainama kufunga kamba za viatu. Mimi nikashika birika, nikajaza kikombe kilichokwisha kujaa. Injinia akairudisha nyuma, kilio kikaanza upya, Asteria akatutazama mmoja mmoja akisubiri.