Mama Zubeda na Barua Sita

Tarehe 30 Juni 2004, Mama Zubeda Shakuru anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu katika Ofisi ya Mizani na Vipimo. Wakurugenzi saba wamekuja na kuondoka, yeye yupo.

Aliingia mwaka 1971 kama mpiga chapa wa majaribio, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Buyenzi. Muda wake wa majaribio ulirefushwa mara mbili bila mtu kumweleza sababu, na anasema mwaka ule alikuwa akivaa nguo za kazi kila asubuhi bila kujua kama kazi anayo. Alipothibitishwa alipanda hadi akakabidhiwa faili za wafanyakazi wote. Barua isiyo na tarehe aliirudisha kwa mwenyewe, hata kama mwenyewe ni mkurugenzi. Tulimwita Mama Tarehe, naye aliitika.

Wengi mnamfahamu kwa ucheshi huo. Mimi, Olga, namfahamu kwa mambo ya mwaka 1995.

Mwaka huo vita vilikuwa vimeingia mitaani, na zilikuwepo siku ambazo mji mzima ulisimama, zile tulizoziita vil morte. Barabara ya Cibitoke ilifungwa siku nne mfululizo. Tulipofanikiwa kurudi kazini, stajiere sita, yaani wafanyakazi wa majaribio, tulikuwa tumeandikiwa barua za mstari mmoja: huduma zetu hazihitajiki tena. Jina langu lilikuwa la tatu.

Mkurugenzi wa wakati huo alimpa Mama Zubeda barua hizo azisajili na kuzigawa. Yeye akafungua kwanza faili zetu. Karatasi za tathmini zilikuwa tupu, zote sita. Kanuni za ofisi yetu zilikuwa wazi: stajiere anaweza kuachishwa, lakini kwanza mkuu wake aandike tathmini, amweleze sababu, ampe siku nane za kujibu. Akachukua na daftari la mahudhurio. Siku zile nne ambazo sisi hatukufika, wafanyakazi kumi na tisa wa kudumu nao hawakufika, na hakuna hata mmoja aliyeandikiwa.

Akaingia ofisini na daftari mkononi. Sisi tulikuwa kwenye benchi la koridoni, na mlango ulibaki wazi.

"Stajiere iko na haki gani?" mkurugenzi aliuliza.

"Iko nayo, patron. Ya kuambiwa kosa yake, na ya kujibu. Na siku ya Jumatano we pia haukufika. Mi sikukuandikia barua."

Mkurugenzi akamwonyesha mlango. Wiki iliyofuata Mama Zubeda alihamishiwa ghala la mawe ya mizani, nyuma ya uwanja wa ofisi. Kabla hajaondoka alitukalisha, akatufundisha kuandika rufaa.

"Muandike: kosa hatujaambiwa," alisema. "Musiombe huruma."

Novemba kamati ya rufaa ilimwita kama shahidi. Alikuja na daftari limefungwa kwenye kitenge. Alilifungua mezani, akawasomea siku zile nne, jina kwa jina. Sisi, tuliokaa nyuma, tuliona mgongo wake ulionyooka.

Kamati ilifuta barua zote sita na kuagiza tathmini. Wanne tulithibitishwa. Wa tano, Jovithe, alikuwa amekwisha kuvuka mpaka kwenda Uvira na familia yake, na habari njema haikumkuta. Hilo linatuuma mpaka leo. Wa sita, Vainqueur, alitathminiwa, akaelezwa kuwa vipimo vyake vilikuwa na makosa mengi, akajibu, na hakuthibitishwa. Tulitaka Mama Zubeda ampiganie tena.

"Apana," alisema. "Huyu wamemusikiliza."

Lakini alimpelekea cheti chake cha kazi kwa mkono wake mwenyewe, hadi Cibitoke. Leo Vainqueur ana karakana ya kutengeneza mizani huko, na sisi ndio tunaoikagua.

Ghalani alikaa miaka miwili bila kununa. Huko ndiko alikogundua kwamba jiwe letu la kilo, lile la kukagulia mizani za wafanyabiashara, lenyewe lilikuwa pungufu. Aliandika ripoti, yenye tarehe bila shaka. Mkurugenzi mpya akamrudisha kwenye faili, na utaratibu wa tathmini ukabandikwa ukutani.

Mwezi uliopita, Mama Zubeda akiwa likizo, stajiere Mawazo aliarifiwa kwa maandishi kwamba hatathibitishwa kwa sababu ya kuchelewa. Siku ya sita alijibu, akaonyesha kuwa asubuhi hizo alikuwa ametumwa Ngagara kukagua mizani. Mkuu wake alisoma, akakubali, akatia saini ya kumthibitisha. Hakuna aliyemwita Mama Zubeda. Aliporudi alisoma faili lile akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, kisha akavua miwani.

"Basi," alisema, "sasa mi naweza kwenda."

Nenda salama, Mama yetu. Asante kwa kila jina ulilolisimamia. Mungu akujalie afya, nyumba tulivu, na miaka mingi ya furaha Buyenzi.