Wasifu wa Marehemu Nives Kalčić, Aliyengoja Filamu Ianze

Marehemu Nives Kalčić, binti wa mzee Mate Superina na mama Antonija, alizaliwa Volosko siku ya Alhamisi tarehe 5 Agosti 1943, sikukuu ya Bikira Maria wa Theluji. Ndiyo maana alipewa jina la theluji katikati ya joto la kuunguza. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Wa pili ni kaka yangu Valter, na wa mwisho ni mimi Livija, ninayewasomea. Kabla sijaendelea niseme wazi kwamba katika wasifu huu kuna neno moja ambalo familia imeligombania kwa siku mbili: dada aandikwe mke au mjane. Nitawaeleza nilivyoandika na sababu yake, lakini kila jambo kwa zamu yake, maana mwenyewe angekasirika nikimvurugia ratiba.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Volosko. Mwaka 1958 alijiunga na sekondari ya biashara mjini Rijeka, akamaliza Juni 1962 akiwa wa pili darasani. Wa kwanza alikuwa binti wa mwalimu, na dada hakuacha kulitaja jambo hilo hadi uzeeni. Uani kwetu familia nane zilichota maji kwenye bomba moja, na kila asubuhi ilikuwa vita vya ndoo. Siku moja dada, akiwa na miaka tisa tu, alichukua karatasi ya mfuko wa sukari, akaandika nani achote saa ngapi, akaibandika ukutani. Watu wazima walicheka. Kufika Jumapili wote walikuwa wanaifuata, hata bibi Pina ambaye hakuwa akimtii mtu yeyote, padri akiwemo. Mzee wetu akasema, "Huyu mtoto atakuja kuwapangia watu hata saa ya kupiga chafya." Hakukosea sana.

Tarehe 1 Machi 1965 aliajiriwa na kituo cha televisheni cha mji wetu kama mpiga chapa, na mwaka 1974 akawa mpangaji mkuu wa ratiba ya jioni. Kazi yenyewe ni kujua watu wanakaa chini saa ngapi. Ukutani ofisini kwake kulikuwa na karatasi kubwa yenye majina ya miji na saa ya filamu ya jioni: Klagenfurt saa mbili na robo, Ancona saa mbili na nusu, Patras saa tatu, Valencia saa nne. "Hawa wa Valencia," alikuwa akisema, "wakikaa kuangalia, mie nishaota ndoto mbili." Sisi tulikuwa saa mbili kamili. Habari zilikwisha saa mbili kasoro dakika tano, ikafuata picha ya saa ya ukutani, bila sauti, mshale wa sekunde ukizunguka, kisha muziki wa filamu. Mji mzima uliishi hivyo. Katika zile dakika tano watu walimwaga takataka, walivuta sigara, walilaza watoto, na muziki uliposikika madirishani kila mtu alirudi ndani. Hakuna aliyehangaika kutazama saa ya mkononi.

Jumamosi tarehe 14 Septemba 1968, katika kanisa la Trsat, alifunga ndoa na Feručo Kalčić, fundi wa kuchomelea vyuma bandarini. Misa ilichelewa dakika kumi na mbili kwa sababu bwana harusi alikuwa amesimama nje akingoja kuitwa, na hakuna aliyemwita. Huyo ndiye shemeji yangu. Ukimwambia ngoja, atangoja mpaka aote mizizi. Mungu hakuwajalia watoto, lakini nyumba yao ilikuwa na vicheko, na mimi niliyekuwa sijaolewa niliwaonea wivu waziwazi. Kila jioni habari zikiisha, Feručo alishusha ndoo ya majivu ya jiko kwenye pipa la uani. Mlangoni alisema maneno yale yale: "Narudi filamu ikianza." Na alirudi, muziki wa mwanzo haujaisha.

Mwaka 1979 watazamaji wetu walikuwa wanahamia kwa Waitaliano ng'ambo ya pili ya bahari. Dada alipiga mahesabu, akaona tukianza robo saa baadaye watu watakuwa wameshamaliza kula na watabaki kwetu. Uamuzi ulikuwa siri, wapinzani wasiunuse, naye aliitunza siri hiyo hata kwa mumewe. Kusema kweli alitaka kumshangaza.

Jumatatu tarehe 3 Desemba 1979 habari zilikwisha kama kawaida. Bura ilikuwa inavuma, ule upepo wetu unaong'oa vigae. Feručo alichukua ndoo, koti hakulifunga, akasema narudi filamu ikianza, akashuka. Saa ikaonyeshwa kimya kwa dakika tano, kisha kwa robo saa nyingine, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kuweka. Mama wa ghorofa ya kwanza alichungulia dirishani, akamwona amesimama uani na ndoo yake, kichwa kakiinamisha upande, anasikiliza. Muziki ulipoanza saa mbili na robo, mama huyo alichungulia tena. Uani hapakuwa na mtu.

Polisi walipekua mto Rječina na bandari nzima. Hata ndoo haikupatikana. Kesho yake dada alikwenda kazini, macho mekundu, akaomba filamu irudishwe saa mbili kamili. Mkurugenzi akamwonyesha karatasi ya idadi ya watazamaji. "Wameongezeka kupita matarajio, bibi Kalčić," akamwambia. "Hongera." Aliniambia mara moja tu kilichokuwa moyoni mwake, jikoni kwake, bila kulia.

"Livija, nimemtengenezea robo saa ambayo haikuwepo, na yeye kaingia humo."

"Dada, achana na mambo hayo, utaugua."

"Nishaugua. Lete kahawa."

Barua ya kwanza ilifika tarehe 19 Januari 1980, kutoka kwa fundi cherehani mmoja wa Ancona, ambako mawimbi yetu yalifika vizuri. Aliuliza nani yule bwana anayepita nyuma ya saa yetu jioni, ameshika ndoo. "Mwambieni afunge koti," aliandika. "Nikimwona nasikia baridi." Dada akamwita Egidio, fundi mitambo aliyekuwa akielekeza kamera kwenye ile saa. Egidio alikwenda kuangalia, akarudi akikuna kichwa.

"Bibi Nives, saa imepigiliwa kwenye ukuta wa zege. Nyuma yake ni choo cha wahasibu."

"Kuna mhasibu anayetembea na ndoo?"

"Sijawahi kumwona mhasibu kabeba chochote."

Yeye Egidio hakumwona mtu kwenye picha, wala dada, wala mimi niliyekodoa macho jioni baada ya jioni. Ila barua ziliendelea. Ya pili ilitoka Klagenfurt. Hizo mbili tungeweza kusema ni za watu wenye macho mabovu. Ya tatu, ya Juni 1981, ilitoka Patras, mbali mno na mitambo yetu, na haikuzungumzia saa yetu. Ilitoka kwa mpangaji ratiba wa huko, ambaye dada alikutana naye kwenye mikutano yao ya kila mwaka, akimsimulia dada jambo la ajabu: watazamaji wao wanalalamika kwamba kabla ya filamu ya saa tatu, mtu mwenye ndoo hupita nyuma ya saa yao. Mwaka 1983 ikaja ya Valencia. Huko yule mtu wa ndoo alisimama, akasogea karibu na kioo, midomo ikicheza. Mwandishi aliapa kwamba alikuwa anauliza swali.

Dada alizichoma kwa pini barua hizo juu ya ile karatasi ya ukutani, kila moja kwenye mji wake. Nilizifuata kwa kidole, mji kwa mji. Shemeji yangu alikuwa anapita nchi kwa nchi, kila mahali anafika kabla ya filamu, kila mahali anaambiwa na ukimya kwamba bado. Nilimwogopa dada yangu kuanzia siku hiyo, na nilimpenda zaidi. Kwa miaka thelathini na tisa, kila jioni kuanzia saa mbili kasoro dakika tano mpaka saa mbili na robo, mlango wa nyumba yake haukukomewa. Wageni walidhani ni uzembe.

Alistaafu tarehe 31 Julai 2003 bila kupata alichokipigania. Wakurugenzi sita walipita, wote aliwaomba filamu ianze saa mbili kamili, jioni moja tu. Badala yake kila mwaka ilisogezwa. Saa ya ukutani ikatolewa, matangazo ya biashara yakaingia, filamu ikawa saa mbili na dakika ishirini, halafu na thelathini na tano. Barua zilikoma. "Sasa hata pa kupita hana," alisema. Siku hiyo ndipo nilipomwona analia.

Oktoba 2018 moyo wake ulianza kushindwa, nami nikahamia kwake. Madaktari wa hospitali walimtendea vema, familia inawashukuru, lakini Februari alitaka kufia nyumbani. Jumapili tarehe 10 alimpigia simu Egidio, ambaye siku hizi ana mvi kichwa kizima na bado alikuwa kazini kwenye chumba cha kurushia matangazo.

"Egidio, unastaafu lini?"

"Mwisho wa mwezi, bibi Nives."

"Basi hawana la kukufanya."

Upande wa pili zikasikika karatasi zikifunuliwa. Halafu nikasikia Egidio akisema, "Jumanne. Saa mbili kamili."

Jumanne tarehe 12 Februari 2019 bura ilikuwa inavuma. Habari zilipokwisha, matangazo ya biashara hayakutokea. Ikatokea saa ile ya zamani, bila sauti. Dada akaniambia nifungue dirisha na niongeze sauti hadi mwisho.

"Utapata nimonia, dada."

"Nitaipata lini, mwakani? Fungua."

Nilifungua, nikaenda jikoni kumpashia maziwa. Saa mbili kamili muziki wa filamu ulipiga, kwetu na kwenye madirisha ya mtaa mzima. Nikasikia hatua ngazini, za mtu mzito asiye na haraka. Mlango ukafunguka. Sikutoka pale jikoni, nakiri.

"Nives," sauti ikasema. "Imeanza?"

"Ndo kwanza inaanza," dada akajibu, kwa sauti ya msichana. "Funga mlango, baridi. Na hilo koti nalo!"

Maziwa yalifurika jikoni. Nilipoingia chumbani, saa mbili na dakika nne, dada alikuwa amekwisha kututoka, uso umetulia, kajisogeza upande mmoja wa sofa kumpisha mtu. Mlango ulikuwa umefungwa. Kando yake palikuwa na ndoo, imejaa majivu. Katika nyumba ile jiko la kuni liling'olewa mwaka 1986.

Valter alifika baada ya nusu saa. Alitaka tuandike mjane, kwa sababu mahakama ilimtangaza Feručo kuwa marehemu mwaka 1991, na karatasi ni karatasi. "Livija, umechoka," aliniambia. "Wiki ngapi hujalala?" Ameendelea na maneno hayo mpaka jana jioni, nilipomletea ile ndoo mezani na kumwambia aingize mkono. Aliuingiza. Siku mbili zilikuwa zimepita na majivu bado yana moto. Aliutoa, akajifuta vidole kwenye suruali. "Andika unavyotaka," akasema.

Kwa hiyo nimeandika. Marehemu Nives, mke wa Feručo Kalčić, amewaacha wadogo zake, Valter na mimi Livija, na Egidio ambaye kwetu ni ndugu. Amemwacha pia mumewe. Yuko hai kwa namna gani sijui, na sitajifanya najua. Kiti chake ni kile cha mstari wa mbele chenye koti lililofungwa vifungo. Tafadhali msikikalie.

Mazishi ni leo, Ijumaa tarehe 15 Februari 2019, hapa makaburini Kozala, saa nane kamili mchana kama ilivyochapishwa. Jana padri alituomba tusogeze robo saa kwa sababu basi la jamaa zetu wa Volosko litachelewa. Nilimtaka radhi, nikakataa, nao naamini watatusamehe. Katika familia hii kuna mtu tulishamsogezea robo saa bila kumwambia.

Pumzika kwa amani, dada yangu. Padri, ni saa nane. Anza.