Kumuaga Octave, Mtunza Kabati la Vitabu

Mheshimiwa Bwana Administrateri, mtawala wa Teritware yetu, Padri wetu, Sultani na wazee wa baraza, mabwana makarani, mama zetu mliotoka Lusangi kwa miguu, ndugu wote wa Chama cha Wasomaji wa Kasongo: nawasalimu, na mnivumilie.

Nimeagizwa niseme maneno mazuri ya kumuaga Octave. Kesho asubuhi anapanda lori la pamba kwenda Kabambare. Miaka minne alishika ufunguo wa kabati letu, akafuta vumbi la vitabu kwa shati lake mwenyewe. Kuanzia Jumatatu atasimama kwenye mizani kupima magunia. Maneno mazuri ninayo, niliyaandika mara tatu. Lakini mke wangu Emilienne ameniambia, "Grégoire, ukisema yale ya karatasi tu, usirudi kula kwangu." Basi nitasema na mengine.

Mnajua desturi yetu ya Jumamosi. Mimi hushika kitabu cha Kifaransa, nikakigeuza kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Mama wanamenya karanga, Mzee Bulaimu fundi cherehani anashona vifungo vyake. Na tukimaliza, hakuna anayetoka kabla hajasema neno lake moja juu ya tulichosoma. Mwaka huu tulisoma kitabu cha yule mwandishi Muhindi, habari za mjane aliyelazimishwa na kampuni kung'oa mpunga wake apande nili, mmea wa rangi ya buluu. Nani kati yetu hakumjua mjane yule? Jumamosi tisa tulikaa naye humu ndani kama jirani.

Jumamosi ya kumi nikafika ukurasa wa mwisho. Nikawasomea kwamba mjane alipiga magoti mbele ya msimamizi, akasamehewa, akapewa kitambaa kipya. Mnakumbuka mlivyogawanyika? Mzee Bulaimu alisema, "Subira ni ufunguo wa faraja. Huyu mwanamuke iko na akili." Padri akaitikia kwa kichwa. Mama Mathilde akamwaga karanga zote chini: "Ah! Kumbe nililia bure, kwa ajili ya mutu muoga namna hii?" Mkagombana mpaka barabarani.

Lakini kabla hamjatoka, Octave alisimama. Octave huyu ambaye hata kuku hamfukuzi kwa sauti! Akasema, "Hakupiga magoti. Nimesoma mwenyewe." Mkacheka. Mkanigeukia mimi, mwalimu mwenye diploma. Nami nikasema nini? Nikasema, "Octave amechanganya. Kifaransa cha vitabu si cha kila mutu." Mkacheka tena. Neno likafika ofisini kwamba mtunza kabati anatia fitina ndani ya vitabu, na barua ya uhamisho ikaja.

Bwana Administrateri, ulihukumu kwa habari ulizoletewa. Habari zile zilitoka kinywani mwangu, na zilikuwa uongo. Octave alisoma sawasawa.

Kwa nini nilifanya hivyo? Niliogopa, basi. Siku ile tarishi wa Bwana Agronomi, msimamizi wa pamba, alikuwa amekaa pale mlangoni, sisi sote tuna mashamba ya pamba tuliyopimiwa kwa lazima, na maombi yangu ya kadi ya raia mwema, ile wanayopewa wachache wanaoaminiwa na serikali, yalikuwa juu ya meza ya ofisi. Macho yaliona hivi, mdomo ukasema vile. Kadi nimeipata. Iko hapa mfukoni, na tangu niipate sijalala vizuri hata siku moja.

Mzee Bulaimu, usiinamishe kichwa, ulisifu nilichokupa. Mama Mathilde, uliyemkasirikia ni mimi, mjane hakuwa na kosa.

Jana nilimwomba Octave anifungulie kabati. Nilitaka anitukane. Hakunitukana! Alifuta kiti, akaniwekea kitabu, akasema, "Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, mwalimu." Kisha akatoka nje, akaniacha nacho.

Sikilizeni, nageuza maneno kama yalivyo: "Nyumba ilikwisha kuungua. Msimamizi akamwambia apige magoti. Mjane akainama, msimamizi akatabasamu. Kumbe alikuwa akiinua jiwe la jiko. Chini yake alitoa mbegu za mpunga alizozifukia, akazifunga katika ncha ya nguo yake, akaenda zake bila kuaga."

Kitabu kinaishia hapo.

Mama Mathilde, naona umekwisha kusimama. Neno lako utalisema, zamu ni yako. Bwana Administrateri, kadi naiweka mezani mbele yako, na kama lori la kesho lina nafasi ya mtu wa pili, sitauliza sababu. Octave, ndugu yangu, nisamehe.

Asanteni kwa kunisikiliza leo. Na poleni kwa siku ile mliyonisikiliza.