Mkoba wa Nesi na Binti wa Fundi

Nesi alinikuta nimemshika mwanasesere wake mguu, kichwa chini, namtikisa sikioni mwangu. Alikuwa ametuachia mkoba pale benchini tumwangalizie, aingie nyumba ya jirani mara moja. Na mimi, mtu mzima na kitambi changu, niliyezunguka nchi za watu mpaka kijiwe kikanibatiza Pasipoti, nikaufungua mkoba wa mwanamke. Nilikuwa natafuta kamera.

— Anapumua? aliniuliza.

Kinyozi alicheka hadi kahawa ikamtokea puani.

Lakini tulikuwa na sababu zetu. Tangu asubuhi habari ilikuwa hiyo hiyo: zahanati inapima watoto wadogo, na si uzito wala homa. Wanapima wanavyocheza, wanavyoongea, wanavyowatazama watu. Kesho ni zamu ya mtaa wetu, na Fundi baiskeli, ambaye karakana yake imepakana na benchi letu, hajui ampeleke bintiye au amfiche. Malkia ana miaka mitatu na hajasema hata "baba". Akinyimwa kitu anajibwaga chini, anauma watu. Mama mkwe wa Fundi anasema ni ukaidi, atakua auache.

Kinyozi aliona njama. Mtoto akicheza wanaandika, asipocheza wanaandika, halafu ukubwani akiomba kazi linafunguliwa faili: huyu alikataa kupanga vibao. Nami nikatia chumvi yangu, kwamba huko nilikopita watoto wanagawiwa kazi wakiwa bado na nepi, huyu karani, yule wa kuzibua mitaro. Kinyozi hakukubali kupitwa. Akasema wanatafuta mapema watakaokuja kuisumbua serikali. Fundi alikuwa anazungusha gurudumu lile lile, anatusikiliza kama watu wenye akili.

Nesi hakubishana. Alikaa, akapewa kikombe, akasikiliza yote. Ndipo Kinyozi akaamua kumaliza kesi. Malkia alikuwa mlangoni mwa karakana, anachezea pedali. Kinyozi akasimama mbele yake, akapanua mikono, akamwita aje kwa babu. Mtoto akaja mbio, anacheka. Nami nikamwita nikimpungia kikombe, akaja. Ndivyo tunavyompima kila siku, na kila siku anafaulu.

— Umeona? Kinyozi akasema. Anaelewa kuliko wewe.

Nesi alimtazama mtoto, ambaye alikuwa ameshairudia pedali yake.

— Mmewahi kumwita akiwa amewapa mgongo?

Kinyozi akaanza kuchunguza kitako cha kikombe.

Fundi akainuka. Alichukua spana kubwa, akaenda nyuma ya bintiye, akagonga ringi iliyoning'inia ukutani. Mimi niliruka. Malkia akaendelea kuzungusha pedali. Fundi akainama, akamwita, kwanza kwa sauti, kisha polepole, kama mtu anayeomba radhi. Mtoto hakugeuka.

Nikaona nimwokoe rafiki yangu.

— Ila Fundi, hawa watu si wa kuaminiwa hivi hivi. Kamera za siku hizi unaweza usizione...

— Pasipoti, alisema, bila kuniangalia. Mrudishie nesi mwanasesere wake. Kesho zahanati wakifungua mlango watatukuta hapo.